Kokteli za Jumamosi Huanza Alhamisi

Mtu akitoka Kigamboni kuja kwangu Tabata kula chakula cha jioni, amevuka maji au amezunguka darajani, amekaa kwenye foleni ya magari, amefika kwangu jasho linamtoka. Amekuja kuniona. Nikimpokea halafu nikampa mgongo nusu saa nzima nikikamua ndimu na kuponda barafu, nimemkosea. Ndiyo maana kwangu vinywaji vya wageni vinatengenezwa mapema, na siku yenyewe kazi yangu ni kumimina tu.

Niliyajifunza haya kaunta, zamani nilipokuwa nahudumu kwenye baa ya hoteli huku mjini. Mgeni aliyekaa kwenye stuli saa moja jioni anaona glasi inafika mbele yake ndani ya dakika mbili, anadhani mhudumu ana mikono ya ajabu. Haoni kwamba tangu saa nne asubuhi tulikuwa nyuma tunachemsha shira, tunachuja juisi, tunakata matunda na kuyapanga kwenye makopo yenye mfuniko. Bosi wangu wa kaunta alikuwa na sheria moja ambayo hakuirudia mara mbili: mlango wa baa ukifunguliwa, kisu kiwe kimeshaoshwa. Nilipoacha kazi ile nikaanza kualika watu nyumbani, niliona watu wengi wanafanya kinyume. Chakula wanakipika mapema, pilau linashuka saa kumi na moja, lakini vinywaji wanaanza kuvihangaikia wageni wakiwa wameshaketi.

Mezani kwangu mara nyingi tunakuwa wanane. Kaka yangu na mkewe, wifi, shemeji mmoja anayependa sana kusimulia, majirani wawili wa ghorofa ya chini, mimi, na mama mkubwa wangu ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake na hatarajii kuanza. Kwa meza ya namna hiyo naandaa vinywaji viwili tu. Cha kwanza ni cha jagi, hakina pombe kabisa, anayetaka pombe anawekewa kwenye glasi yake. Cha pili kiko tayari ndani ya chupa, pombe na kila kitu, unamimina kama divai. Ukiweka vitatu au vinne unajirudisha jikoni mwenyewe.

Nianze na cha jagi, maana ndicho kinachobeba shughuli nzima.

Kokteli nyingi zinasimama juu ya ndimu, na ndimu haipendi kusubiri. Maji yake ukiyakamua asubuhi, jioni harufu ile ya kuchangamsha imeshapungua, na yakilala hadi kesho yake ladha inapooza na kuingia uchungu. Ukiitegemea ndimu kwenye kinywaji cha kuandaa mapema, unalazimika kuikamua jioni ileile. Mimi nikahamia kwenye ukwaju. Uchachu wa ukwaju unatokana zaidi na asidi ya tatariki, ambayo pia imo kwenye zabibu, na ladha yake ni nzito, ya chini, haitegemei harufu ya tunda lililokatwa sasa hivi. Ukwaju wa Alhamisi unanyweka vizuri sana Jumamosi. Na kwa kuwa tangawizi imepata muda wa kutulia ndani yake, mimi naupenda zaidi siku ya pili kuliko siku ya kwanza.

Naununua Buguruni, ule uliokwisha kutolewa maganda ya nje lakini kokwa bado zimo. Chagua wenye rangi ya kahawia inayong'aa na unaonata ukiubonyeza. Ule mweusi mkavu ni wa zamani na unatoa ladha ya vumbi. Robo kilo inatosha. Loweka kwenye maji ya moto mililita 750 kwa nusu saa, kisha osha mikono vizuri uingie mwenyewe. Kijiko hakifanyi kazi hii. Unaminya na kuvuruga mpaka usikie kokwa zinateleza zikiwa tupu kati ya vidole, ndipo unachuja kwenye chujio la waya huku ukisukuma rojo kwa mgongo wa upawa. Unapata kama mililita 600 za ukwaju mzito.

Pembeni kuna shira. Sukari nusu kilo, maji nusu lita, tangawizi gramu 100 iliyopondwa kwenye kinu, mabua manne ya mchaichai yaliyogongwa kidogo kwa mchi, na iliki sita zilizofunguliwa. Tangawizi ile ya milimani kule Same, ikipatikana, ina ukali unaokaa kooni, na kwenye kinywaji chenye barafu nyingi unauhitaji ukali huo, kwa sababu baridi hupunguza ladha. Kwa sababu hiyohiyo usionje shira ya moto ukasema imezidi tangawizi. Onja ikishapoa. Chemsha dakika tano, funika, acha ipoe na viungo vyake ndani, kisha chuja. Itatoka kama mililita 800. Mililita 400 zinaingia kwenye ukwaju, na mililita 300 ziweke, tutazihitaji kwenye chupa. Ile 100 iliyobaki ni akiba ya mgeni mwenye kupenda sukari.

Changanya ukwaju na zile 400 za shira, tia chumvi kidogo, ile unayoishika kwa ncha za vidole viwili. Usiogope chumvi. Haionjeki yenyewe, ila inapunguza uchungu wa kokwa na kuamsha utamu. Sasa una lita moja ya kitu kizito kinachokaa kwenye friji siku nne bila wasiwasi. Kila glasi inachukua mililita 80, kwa hiyo hapo una glasi kumi na mbili. Glasi ndefu, barafu mpaka juu, ukwaju mililita 80, halafu soda kavu, yaani maji ya gesi yasiyo na sukari, iliyopoa kabisa. Mama mkubwa anakunywa hivyohivyo na huomba ya pili. Anayetaka pombe anawekewa mililita 45 za Konyagi kabla ya soda.

Kuhusu hizo mililita 45, nunua kipimo. Kikombe kidogo cha chuma cha kaunta kinauzwa kwenye maduka ya vyombo Kariakoo, na ukikikosa tumia kile cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, kimeandikwa mililita pembeni. Konyagi ina kilevi asilimia 35, kwa hiyo kipimo hicho kinakaribia bia moja ya mililita 330 yenye asilimia 5. Ukimimina kwa macho, glasi ya tatu inakuwa kubwa kuliko ya kwanza, kila mara, kwa sababu mkono wa mwenye furaha ni mzito. Mgeni anayehesabu glasi zake ili ajue kama anaweza kurudi nyumbani salama anakutegemea wewe uwe mkweli kwenye kila glasi. Na hata akihesabu vizuri, kwangu aliyekunywa hashiki usukani. Gari linalala hapa, yeye anaita usafiri kwa simu.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi wanaoandaa kokteli mapema hawaambiwi, nalo ni maji. Mhudumu anapokoroga au kutikisa kokteli na barafu, kazi yake si kuipoza tu. Barafu inayeyuka humo ndani, na glasi inayofika mezani ina maji kiasi cha moja ya tano au robo ya ujazo wa mwanzo, na ikitikiswa kwa nguvu huwa zaidi. Maji hayo ndiyo yanayofungua harufu na kulainisha kilevi. Ukichanganya pombe tupu kwenye chupa ukaiweka friji, umeruka hatua hiyo, na mgeni atakwambia kinywaji kinachoma. Kwa mfano wale wanaopenda Negroni, yaani jin, Campari (kileo chekundu kichungu) na vamuthi nyekundu (divai yenye viungo) kwa vipimo sawa: mimina mililita 200 za kila kimoja kwenye chupa ya mililita 750, kisha ongeza maji safi mililita 120. Iweke friza saa mbili hivi kabla ya wageni. Ikilala humo usiku kucha huenda ikaanza kuganda na kuwa chenga za barafu, basi itoe mapema ikae kidogo. Vamuthi ni divai, jamani. Chupa ikishafunguliwa inakaa friji, haikai kabatini juu ya televisheni miezi sita.

Lakini mimi Negroni siiandai mara nyingi, vitu vyake ni ghali na meza yangu haina wapenzi wengi wa uchungu. Chupa yangu ya pili ni panchi ya maziwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona kinywaji kingine kinachomfaa mwenyeji kuliko hiki.

Ni kitu cha kale. Benjamin Franklin wa Marekani alimwandikia rafiki yake James Bowdoin namna ya kuitengeneza mwaka 1763: brandi, maganda ya malimau 44 yaliyolowekwa kwenye brandi hiyo saa 24, maji ya malimau, sukari, maji, kungumanga nne za kukuna, na maziwa ya moto. Kisha inachujwa hadi iwe safi na kuwekwa kwenye chupa. Enzi hizo hakukuwa na friji. Walichokigundua ni kwamba maziwa yakikutana na kitu kichachu yanakatika, na yale mabonge yanapokatika yanakumbatia ukungu wote, ukakasi wa chai, rangi kali, na sehemu kubwa ya vitu vinavyoharibu ladha kadiri siku zinavyopita. Ukiyachuja unabaki na maji yanayopitisha mwanga, laini ulimini, yanayokaa wiki nyingi. Hapa hata ndimu, ambayo nimeilalamikia hapo juu, inatulia.

Yangu iko hivi. Alhamisi usiku namenya machungwa manne ya Muheza. Naosha kwanza kwa maji ya moto, nasugua, kisha namenya ganda jembamba kabisa, kijani tupu. Ukiwatazama vijana wanaouza machungwa kwenye toroli utaona ninachomaanisha: kisu kinazunguka, ganda linashuka utepe mrefu usiokatika, na tunda linabaki na koti lake jeupe bila kujeruhiwa. Weupe ule una uchungu, ndiyo maana tunauacha kwenye tunda. Tepe zile naziingiza kwenye mtungi wa kioo pamoja na mzinga mzima wa Konyagi, mililita 750, nafunika. Asubuhi ya Ijumaa ukifungua, harufu ya chungwa imeshaingia mpaka ndani na Konyagi imechukua rangi ya kijani hafifu. Jioni nayatoa maganda. Sizidishi saa 24, uchungu huanza kuingia.

Ijumaa jioni nachemsha chai ya rangi nzito, vijiko vinne vidogo vya majani kwenye mililita 400 za maji, dakika tano, nachuja na kuiacha ipoe. Majani ya kawaida ya Mufindi au Rungwe yanatosha. Nakamua ndimu hadi nipate mililita 200. Nachukua zile mililita 300 za shira ya tangawizi. Vyote hivi naviunganisha na Konyagi yenye harufu ya machungwa, nakuna kungumanga juu, robo ya kokwa.

Kwenye sufuria nyingine nakuwa na maziwa freshi mililita 400, yenye mafuta yake, yaliyochemshwa yakapoa. Hapa mpangilio ni muhimu: ule mchanganyiko mchachu ndio unaoingia kwenye maziwa, taratibu, kwa mkondo mwembamba. Franklin alitia maziwa kwenye pombe, na alikuwa na sababu zake, lakini mimi kwa njia hii napata mabonge yaliyo sawa na yanayochuja vizuri. Utaona maziwa yanakatika mbele ya macho yako. Kwa anayefanya mara ya kwanza inatisha, inaonekana kama kitu kimeharibika cha kumwagwa. Usikoroge kwa nguvu, zungusha mwiko mara moja au mbili, acha saa moja.

Kisha kuchuja. Tandika kitambaa cheupe cha pamba, kilichofuliwa bila sabuni ya kunukia, juu ya chujio, chini weka sufuria. Mimina polepole. Matone ya kwanza yatatoka na ukungu, hiyo ni kawaida. Mabonge yanapotulia juu ya kitambaa yanajenga chujio lao wenyewe, na hilo ndilo linalofanya kazi. Yale yaliyotoka na ukungu yarudishe juu kwa upawa, bila kuvuruga tabaka lile. Baada ya muda tone linalodondoka linakuwa na rangi ya dhahabu, unaweza kusoma gazeti ng'ambo ya glasi. Sisi tuliokulia kwenye nazi mikono yetu inataka kukamua kitambaa kama tunavyokamua tui. Usikamue. Ukikamua, mabonge yanapenya na ukungu wote unarudi. Weka sufuria na chujio lake kwenye friji, nenda kalale. Asubuhi kila kitu kimeshashuka.

Unapata karibu lita mbili, na kilevi chake kiko karibu asilimia 12 au 13, kama divai. Maji yake yameshaingia kwa njia ya chai na maziwa, kwa hiyo huongezi tena. Jaza chupa safi zenye mfuniko wa kubana, funika, friji. Kwa kumimina ni mililita 90 juu ya bonge moja kubwa la barafu, basi. Mimi huitoa mwisho wa chakula pamoja na kashata za nazi. Wageni huuliza imetengenezwa na nini, na ukiwaambia maziwa wanakutazama mara mbili, kwa sababu machoni hayaonekani. Waambie hata wasipouliza. Mabonge yameondoka lakini maji ya maziwa yamebaki humo, na mtu ambaye mwili wake haukubali maziwa anaweza kuumwa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ninalolijali kuliko mapishi yenyewe. Jiji letu ni la watu wa kila namna, na meza yangu iko hivyohivyo. Yupo asiyekunywa kwa dini yake, yupo aliye kwenye dawa, yupo mjamzito ambaye bado hajatangaza, yupo aliyeacha na hataki kueleza kwa nini. Mtu wa namna hii kwenye shughuli nyingi anapewa soda ya chupa na majani ya kunyonyea, wengine wote wakiwa na glasi nzuri zenye vipande vya matunda. Kwangu jagi la ukwaju ni la wote, glasi ni zilezile, barafu ileile, kipande cha ndimu kilekile. Anayetaka Konyagi anaipata kwenye glasi yake, wala hakuna anayelazimika kutoa maelezo.

Ila heshima hiyo ina masharti yake na nayashika kwa makini. Pombe haiingii kwenye jagi hata tone, hata usiku ukiwa mrefu na wanaobaki wote ni wanywaji. Kipimo cha Konyagi hakikai karibu na jagi. Chujio na kitambaa nilivyochujia panchi havigusi ukwaju, nina vyao tofauti. Chupa za panchi naziandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya kubandika, PANCHI, INA POMBE, INA MAZIWA, kwa sababu kitu cha rangi ya dhahabu ndani ya friji mtoto anaweza kudhani ni juisi ya tufaa. Na kuna Waislamu wasiopenda hata kukaa kwenye meza yenye pombe. Mtu wa hivyo namuuliza kabla, kwa simu, wazi kabisa, na akisema hivyo usiku huo chupa hazitoki. Mwezi wa Ramadhani kwangu hazitoki kabisa. Ukwaju uleule unafutarisha watu, na kusema kweli hakuna wakati unaopendeza kama huo.

Turudi jikoni, kwenye barafu. Joto la Dar la mwezi wa pili halina mchezo, hata jioni sebule inakuwa ya moto, na vipande vidogo vya barafu vinaisha kabla mtu hajamaliza salamu. Kuanzia Alhamisi nagandisha maji yaliyochemshwa kwenye makopo ya plastiki ya nusu lita. Kopo moja linatoa bonge la jagi, na nyingine nazivunja kwa mchi ndani ya taulo safi kwa ajili ya panchi. Barafu ya glasi ndefu nanunua ya mifuko Jumamosi mchana, kilo moja kwa kila mtu na mbili za ziada, nusu ya hiyo ni ya kupozea chupa. Inaonekana nyingi. Nunua tu.

Na umeme je? Unaweza kukatika saa kumi na mbili jioni, tunajua sote. Friza iliyojaa na ambayo haifunguliwi inashikilia ubaridi hadi saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu ndani ya friza naijaza chupa za maji, zinaganda na kuwa akiba. Sitaki mtu afungue friza usiku ule. Saa kumi jioni natoa kila kitakachotumika na kukipanga kwenye deli kubwa, tabaka la barafu, tabaka la chupa, tabaka la barafu, chumvi ya mawe konzi moja juu ili barafu ipoze zaidi. Deli linakaa pembeni ya meza na kila mtu anajihudumia. Umeme ukikatika tunawasha taa za kuchaji na glasi zinaendelea kuwa baridi.

Soda usiichanganye kabla. Gesi hukaa vizuri kwenye kitu cha baridi na hutoka haraka kwenye kitu cha uvuguvugu au kilichokorogwa, kwa hiyo soda inaingia mwisho, kwenye glasi, ikiwa imepoa kuliko kitu kingine chochote mezani. Nachukua kreti kwa Mangi Jumamosi asubuhi, chupa za kioo. Wapo wanaopenda Stoney Tangawizi juu ya ukwaju badala ya soda kavu. Inafaa, ila punguza ukwaju ufike mililita 60 na uongeze ndimu kidogo, la sivyo utamu utazidi.

Jumamosi yenyewe inabaki nyepesi. Asubuhi natoa kitambaa na mabonge, najaza chupa. Mchana barafu. Saa kumi na moja nakata ndimu vipande na kuvifunika kwa kitambaa chenye unyevu, naosha majani ya mnanaa, napanga glasi kichwa chini juu ya taulo. Halafu naoga. Wageni wakipiga hodi saa moja nina nguo kavu na mikono miwili mitupu, na shemeji hajamaliza hadithi yake ya kwanza glasi iko mkononi mwake. Chakula chenyewe, samaki changu wa kupaka na pilau, kinapendana sana na ukwaju. Uchachu unakata mafuta ya nazi.

Kikibaki kitu, ukwaju mwaga kwenye trei za barafu ugandishe. Vibonge vitatu kwenye glasi ya maji baridi vinatosha kwa mtu aliyerudi kazini amechoka. Panchi ifunike vizuri, irudi friji, bado ina wiki kadhaa mbele yake. Mabonge ya maziwa yana Konyagi humo, usiwape watoto wala kuku. Machungwa manne yaliyobaki na makoti yao meupe yaliwe Jumamosi asubuhi, yakikaa bila ganda hukauka upesi. Na maji ya ndimu ya akiba hayangoji wageni wengine. Pakaza samaki wa Jumapili, na ukihitaji tena, kamua mapya.